Psi 88 ya Nairobi si psi 88 ya Mombasa: je, injini ya RX-8 yangu imekufa?

*"Habari yako fundi. Miezi mitano iliyopita nilinunua Mazda RX-8 ya mwaka 2006, gia za mkono, kutoka kwa mtu wa Mombasa. Ina kilomita 118,000. Nilipoijaribu Nyali ilivuta vizuri ajabu, nikaileta Nairobi kwa barabara. Tangu ifike huku naiona imelegea. Sasa kuna jingine: asubuhi inawaka mara moja, lakini nikienda nayo mjini nikaizima dakika kumi ninunue kitu, kuiwasha tena ni kazi. Stata inazunguka sekunde saba, nane, ndipo inashika. Mara mojamoja inamisi nikikanyaga sana. Oili nayo inakula, karibu lita moja kila kilomita 1,500. Fundi wangu alipima kompresheni akapata psi 88 mbele na 82 nyuma, akasema ikiwa chini ya 100 hiyo injini imekufa, nilete laki tano aifungue aijenge upya, au anitafutie nyingine iliyotoka Japani. Jirani ananiambia rotari zote ndivyo zilivyo, niweke injini ya pistoni nipumzike. Hela ninayo, lakini ni ya kuezekea nyumba. Nifanye nini?"*

Hela ya mabati usiitoe bado.

Umeniandikia malalamiko manne: gari limelegea, haliwaki likiwa moto, linamisi, linakula oili. Fundi wako ameyatundika yote manne kwenye msumari mmoja, ile namba ya geji. Simlaumu, maana hata kitabu cha Mazda kinamuunga mkono: kiwango cha chini kabisa cha kompresheni, yaani presha ya hewa injini inapoigandamiza, kwa injini hii ni kilopaskali 680, ambazo kwa kipimo kingine cha presha ni karibu psi 99, na injini mpya inatarajiwa kusoma kilopaskali 830, yaani psi 120. Kwa hiyo 88 na 82 zinaonekana kama hukumu ya kifo. Shida ni kwamba kipimo hicho kimefanyiwa mahali pasipolingana na kitabu, kwa geji isiyo ya injini hii, na hatujui stata ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani. Sikuambii injini yako ni nzima. Nakuambia bado hakuna aliyeipima.

Nianze na jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo yote nitakayosema yataonekana maneno ya fundi anayetetea kipenzi chake.

Injini yako ni ya aina ya rotari, ndani yake hamna pistoni wala vali. Kuna rota mbili za chuma zenye pembe tatu, na mbavu zake zimetuna kama sambusa iliyojazwa nyama vizuri. Kila rota inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga, limebanwa kidogo katikati. Ncha tatu za rota hazibanduki ukutani, kwa hiyo wakati wote kuna vyumba vitatu vinavyotembea pamoja nayo: kimoja kinavuta hewa na petroli, cha pili kinagandamiza na kuwaka, cha tatu kinatoa moshi. Mchi mkuu wa katikati huzunguka mara tatu rota inapozunguka mara moja. Basi katika injini nzima una nyuso sita za kugandamiza, tatu kwa kila rota, na kila uso unaweza kuugua peke yake huku wenzake ni wazima. Hilo la nyuso tatu likumbuke, tutalirudia.

Kinachozuia hewa isivuje kutoka chumba kimoja hadi jirani yake ni sili. Kwenye kila ncha kuna utepe wa chuma unaosukumwa nje na springi, huo ndio sili ya ncha. Ubavuni mwa rota kuna sili nyembamba zilizopinda, na panapokutana hizo mbili kuna kijisili cha kona. Vyote hivyo vinasuguana na ukuta bila kupumzika, na vinahitaji oili. Ndiyo maana gari lako lina pampu ndogo ambayo kazi yake ni kuchukua oili ya injini na kuidondosha ndani ya chumba cha moto ikaungue kwa makusudi. Hapo lalamiko lako la oili nimekwisha kulijibu. Lita moja kwa kilomita 1,500 si ugonjwa kwa RX-8. Ungeniambia haipunguzi hata tone, hapo ningekuambia ulizime leo hii, maana huenda pampu hiyo imekufa na sili zinasuguana kavu. Jambo la kuangalia ni moshi: wa buluu kidogo asubuhi wakati wa kuwasha si kitu, wa buluu usiokatika barabarani ni habari nyingine, unaashiria pete za oili zilizo ubavuni mwa rota.

Sasa turudi kwenye ile 88.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kanieneo la hewa ambalo Mombasa ni kilopaskali 101, kwenu ni kama 82, yaani asilimia 81 hivi ya ile ya pwani. Injini haiwezi kugandamiza hewa ambayo haijaingia. Ikivuta hewa nyepesi, geji nayo itasoma chini kwa kiasi kilekile, hata kama sili zote zilifungwa jana. Piga hesabu mwenyewe: psi 120 za injini mpya, ukizizidisha kwa 0.81, zinakuwa 97. Maana yake RX-8 mpya kabisa ikipimwa Nairobi ingesoma chini ya 100, na kwa kanuni ya fundi wako ingezikwa siku hiyohiyo. Kiwango cha chini cha psi 99, kikipandishwa mpaka Nairobi, kinakuwa 80. Ukilishusha gari lako Mombasa leo bila kuligusa hata boliti, geji ileile itasoma karibu 108 mbele na 101 nyuma, na fundi wako angekuambia limepona kwa hewa ya bahari.

Na hapo hapo lalamiko la kwanza linapata nusu ya jibu. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa uwiano huohuo. Kila nguvu farasi 100 ulizoziendesha Nyali, kama 19 umezimwaga njiani kati ya Mombasa na Nairobi. Mwenye Subaru ya turbo haoni tofauti kubwa kwa sababu turbo yake inamfidia. Wewe huna wa kukufidia. Gari lililokurusha kitini pale pwani lazima likuonekee limechoka Nairobi, na hakuna ovahoo itakayoirudisha hewa ya Mombasa.

Hadi hapa nimekupa habari njema. Ningeishia hapa ningekuwa nakudanganya, kwa sababu kuna kosa la pili katika kipimo chako, na hilo linakwenda upande wa pili.

Geji ya kawaida ya kompresheni, ile ya magari ya pistoni, ina kivali kidogo cha kushikilia presha isirudi. Kwenye silinda ya pistoni hilo ni jambo zuri. Kwenye rota ni upofu. Nyuso tatu zinapita mbele ya tundu moja la plagi, moja baada ya nyingine, na geji inashikilia ile iliyo bora kupita zote. Kwa hiyo 88 yako si kompresheni ya rota ya mbele, ni kompresheni ya uso wake bora kuliko wote. Nyingine mbili zinaweza kuwa 87 na 86, nikakuambia endesha gari lako kwa amani. Zinaweza pia kuwa 85 na 55, na hapo kuna sili iliyovunjika au kukwama, na kila siku unayoendesha inaendelea kuukwaruza ukuta ambao ndio kitu cha gharama kubwa zaidi katika injini nzima.

Kosa la tatu ni kasi ya stata. Kiwango cha kitabu ni cha stata inayozungusha injini mizunguko 250 kwa dakika. Betri ikiwa dhaifu ikazungusha 200, namba inashuka yenyewe. RX-8 za mwanzo zilitoka na stata dhaifu, baadaye Mazda wakaleta yenye kasi zaidi. Ikiwa lako lilishabadilishiwa stata ya kasi, namba inaweza kuwa inakupendelea. Bila kujua mizunguko, psi ni kama bei isiyotajwa kipimo: shilingi mia mbili, lakini za kilo au za debe?

Kinachohitajika ni kipimo cha rotari chenyewe. Ni kifaa cha umeme kinachochomekwa kwenye tundu la plagi, kinasoma nyuso zote tatu kila moja kwa namba yake pamoja na mizunguko ya stata, na wenye nacho wana jedwali la kusahihisha kasi. Mwenye kipimo hicho Nairobi utampata ukiwauliza wenye RX-7 na RX-8 wenyewe, maana wanajuana. Injini ipimwe ikiwa moto, betri imejaa, petroli na umeme wa koili vimekatwa, na pedali imekanyagwa hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Omba uandikiwe namba sita na kasi ya stata. Mtu akikuandikia namba mbili tu, umelipia kitu ulichokuwa nacho tayari.

Ukimkosa kabisa, kuna njia ya kienyeji ambayo si sahihi lakini haidanganyi. Geji ileile ya pistoni, kitoe kile kivali cha ndani, kisha fundi azungushe stata huku wewe unarekodi sindano kwa simu, ile video ya mwendo wa polepole. Sindano itadunda. Usijali imefika wapi, angalia midundo yenyewe: tatu zinazolingana, tena tatu, tena tatu, ni dalili ya nyuso zinazofanana. Mdundo mmoja mfupi unaorudi kila baada ya miwili mirefu ni uso mmoja unaovuja. Hata masikio yanatosha wakati mwingine. Toa plagi za rota moja, zungusha, usikilize pumzi inavyotoka tunduni: pu-pu-pu sawasawa, au pu-pu-na kimya.

Sasa lile la kuwaka likiwa moto. Hili ndilo linalonifanya nisikuambie ulale usingizi, maana kati ya malalamiko yako yote ndilo lenye uhusiano wa karibu na sili zilizochoka. Asubuhi oili ni nzito na inasaidia kuziba mianya. Injini ikishachemka, oili inakuwa nyepesi kama maji, kuta za alumini zinatanuka kuliko sahani za chuma zilizo ubavuni, mianya inaongezeka, na stata yenyewe ikiwa imelowa joto inazunguka polepole zaidi. Injini yenye sili nzuri inavumilia yote hayo. Iliyochoka haivumilii. Na mwinuko wa Nairobi unaongeza mzigo juu ya mzigo: kuna injini ambazo pwani, hata zikiwa na joto, zingewaka kwa sekunde mbili, na huku juu zinahangaika, kwa sababu hazina akiba. Nadhani yako iko hapo. Lakini pima kwanza: endesha nusu saa, zima, ngoja dakika kumi, washa huku umeshika saa. Fanya mara tatu. Chini ya sekunde tatu sina neno nawe. Tano hadi nane, kama zako, ni injini au stata au vyote viwili. Zaidi ya kumi, au isipowaka mpaka ipoe, sioni haja ya kubishana na fundi wako tena.

Nimesema stata kwa sababu kwenye magari haya stata mpya ya kasi na betri nzuri vimewaponyesha wengi tatizo hilihili. Wengine wanaziita dawa za kuficha ugonjwa, na wana haki kidogo: stata mpya haiongezi kompresheni hata psi moja, inaifanya injini iwake na kompresheni ileile iliyo nayo. Kwangu mimi, dawa inayokupa miaka miwili ya kujipanga si dhambi, mradi ujue unachokunywa.

Kumisi ndiko nataka ukushughulikie wiki hii, kabla ya jambo jingine lolote. RX-8 ina koili nne, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, na plagi nne, mbili kwa kila rota, na koili zake ni maarufu kwa kufa mapema. Kilomita 118,000, kama hazijabadilishwa karibuni, zibadilishe zote nne pamoja na nyaya na plagi. Mwambie anayefunga kuwa plagi za chini, zenye herufi L, hazifanani na za juu zenye T. Fundi anayezichanganya ataleta kumisi kupya. Ziko chini ubavuni, na njia rahisi ni kutoa gurudumu la mbele la kushoto.

Kwa nini haraka hivyo? Koili ikikosa moto, petroli mbichi inapita na kwenda kuungua ndani ya kataliti, ile sehemu ya bomba la moshi yenye sega la kauri ndani. Kauri inayeyuka, inaziba. RX-8, tofauti na RX-7 iliyoitangulia, hutoa moshi ubavuni mwa chumba, na ikizibiwa njia ya moshi joto linarudi palepale kwenye sili za ubavu. Kwa hiyo koili ya bei ndogo inaua kataliti, na kataliti inaiua injini. Kuipima ni kazi ya dakika ishirini: fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya kataliti, funga geji ya presha mahali pake, pandisha mizunguko. Presha ikipanda sana pamoja na mizunguko, umepata mwizi wa nguvu zako zile nyingine ambazo mwinuko hauwezi kulaumiwa kwazo.

Hapa nina deni la kukiri. Miaka ya mwanzo nilipoanza kuzishika injini hizi, niliwahi kufungua moja iliyolegea na kumisi vilevile kama yako. Nilipozitandaza rota mezani, sili zilikuwa nzuri, kuta zinang'aa. Koili mbili zilikuwa zimekufa na kataliti imeziba kama chungio la chai lililosahauliwa. Mwenye gari nilimrudishia hela ya kazi, na tangu siku hiyo sifungui rotari ambayo sijaipima nyuso sita.

Kitu ambacho hukukitaja, nami nataka kukijua, ni maji. Kati ya kuta na sahani za injini hii kuna sili za mpira zinazotenganisha maji na moto. Zikiachia, maji hupungua bila kuonekana yanapovujia, chupa ya akiba inatoa mapovu injini ikinguruma, na asubuhi inawaka kwa kukohoa huku moshi mweupe wenye harufu tamutamu unatoka. Ukiona hayo, mjadala wa kompresheni unaisha, hiyo ni ya kufunguliwa hata kama namba zake ni nzuri. Na usiiamini sindano ya joto ya dashibodi: kwenye gari hili hukaa katikati kwa utulivu mpaka joto limeshapita kiasi, na ikianza kupanda umechelewa. Kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kile kinachounganishwa na simu, kitakuonyesha joto la kweli. Kwa foleni za Mombasa Road, feni za rejeta zisizofanya kazi sawasawa zinatosha kukumaliza bila msaada wa mtu.

Basi tuseme umebadilisha koili na plagi, bomba la moshi liko wazi, betri nzuri, umeendesha wiki mbili. Na kuendesha namaanisha kuendesha: ikishapata moto vizuri, mara moja kila siku iachie ipande mizunguko ya juu kwenye gia ya pili au ya tatu. Masizi hukwamisha sili kwenye mifereji yake, hasa kwa gari linalotembea mjini tu kwa woga, na mara nyingine sili iliyokwama huachia na namba ikapanda. Kisha pima nyuso sita.

Zikiwa zote 88 na kuendelea kwa Nairobi, kwenye mizunguko 250, usiguse kitu. Zikiwa kati ya 80 na 88 na zinakaribiana, unayo injini iliyozeeka lakini hai. Iendeshe, anza kuweka akiba, ipime tena baada ya miezi sita uone inashuka kwa kasi gani. Zikishuka chini ya 80, au uso mmoja ukiwa mbali na wenzake, ni ya kujengwa upya. Mazda wanaruhusu tofauti ya kilopaskali 150 kati ya nyuso za rota moja, na 100 kati ya rota na rota. Kwa mwinuko wenu zihesabu kama psi 18 na 12. Kwa namba ulizonipa na zile sekunde nane, nikilazimishwa kukisia nitasema uko katika kundi la kati, ukielekea chini. Lakini ni kukisia.

Ikifika kujengwa, laki tano inaweza kuwa bei ya haki au hasara tupu, inategemea kuna nini ndani yake. Muulize fundi wako kama bei hiyo ina sili peke yake au na kuta. Sili mpya kwenye kuta zilizobanduka kromu ni tairi jipya kwenye rimu iliyopinda, utarudi baada ya mwaka mmoja. Muulize pia atapima vipi sahani za ubavu karibu na matundu ya moshi, maana hapo ndipo zinapolika, na kama atabadilisha beringi, kwa sababu kwenye RX-8 za kabla ya 2009 hizo nazo huchoka. Sili za ubavu hupigwa tupa moja moja hadi zikae kwenye mwanya wake. Asiyejua hilo hajawahi kuijenga. Na muulize amejenga rotari ngapi zinazotembea hadi leo. Fundi hodari wa Toyota anaweza asiwe mtu wa kazi hii, na si aibu. Fundi cherehani na fundi viatu wote wanashika sindano. Akishamaliza, akupe namba sita za injini mpya kwa maandishi, na wewe uipeleke polepole kilomita 1,500 hadi 2,000 za mwanzo.

Injini iliyotoka Japani ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. RX-8 ziliacha kutengenezwa 2012, kwa hiyo hata changa kuliko zote si changa tena, na injini iliyotolewa kwenye gari Japani mara nyingi ilitolewa kwa sababu. Usiinunue ikiwa chini sakafuni bila kipimo cha rotari. Muuzaji akikataa ipimwe, amekujibu. Kumbuka pia injini nyingine ni namba nyingine, na logbook yako lazima ilingane nayo.

Jirani yako na injini yake ya pistoni hana ubaya, lakini hajapiga hesabu. Dashibodi na usukani wa umeme wa RX-8 vyote huzungumza na kompyuta ya injini. Ukiitoa, vyote vinanyamaza mpaka mtu wa waya avifundishe lugha mpya. Nimeona magari ya namna hiyo yakikaa gereji mwaka mzima yakifugia kuku. Na injini hiyo nyepesi, iliyokaa nyuma kabisa ya ekseli ya mbele, ndiyo iliyolifanya gari likate kona vile ulivyolipenda Nyali. Kama unachotaka ni gari lisilokusumbua, ni afadhali uliuze lilivyo, umwambie mnunuzi ukweli, ununue jingine. Soko la Kenya haliingizi RX-8 tena kwa ile kanuni inayokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo lenye bodi safi lina wenye kulitafuta hata injini ikiwa mgonjwa.

Wakati unapojipanga, mambo machache ya kila siku. Pima oili kila unapojaza petroli mara ya pili. Unaweza kuchanganya oili ya pikipiki za tuu-stroki kwenye tangi, mililita 5 kwa kila lita ya petroli, inasaidia sili na haina gharama kubwa. Na jirani akikuomba usogeze gari atoke, usiliwashe baridi, ulisogeze hatua mbili na kulizima hapohapo: petroli inalowesha plagi, na jioni haliwaki. Ukishaliwasha, liache lipate moto kwanza. Likifurika, kanyaga pedali hadi mwisho huku unapiga stata kwa muda mfupi mfupi, petroli inakatwa na chumba kinakauka.

Usiliendeshe kabisa, lipakie kwenye gari la kuvuta, ukiona mojawapo ya haya: taa ya injini inayopepesa badala ya kuwaka tu, joto linalopanda, maji yenye mapovu, au mlio wa chuma kugonga chuma ambao haukuwepo jana. Hayo hayasubiri jibu langu, yanataka fundi aliyesimama mbele ya gari.

Mengine yote yanasubiri namba sita. Ukizipata niandikie, pamoja na kasi ya stata na mtaa ulipopimiwa, maana Karen na Athi River nazo hazilingani kwa mwinuko.